Nilivyovunja Mayai ya Mama kwa Gia

Wacha nianze na ujinga wangu, ndio nipumue. Ni mimi niliyekuwa navunja mayai ya mama. Sio matuta, sio mashimo ya barabara ya Kitengela ambayo ungeweza kuzika punda ndani, na sio baba. Ni mimi, Wekesa, nikiwa na miaka tisa, mkono wangu wa kulia ukiwa kwa gia ya pikapu yetu. Na nilifanya makusudi. Miaka minane imepita, niko kidato cha tatu, ndevu tatu zimeota kidevuni (nimezihesabu), lakini hadi leo nikisikia gari likisaga gia hapo stejini, roho inaruka kama nimeitwa ofisini na mwalimu wa nidhamu.

Najua mtacheka. Mtu wa kidato cha tatu ana enzi gani za kukumbuka? Lakini nyinyi tuliokua pamoja mnajua kwamba Kitengela yetu haikuwa hii. Ile ya miaka ya tisini ilikuwa na nyumba za mawe unazoweza kuhesabu kwa vidole, na zilizobaki ni nyasi na upepo. Punda milia walikuwa wanakuja hadi nyuma ya choo. Unatoka huko ukifunga mshipi, unakutana na mmoja anakuangalia kama yeye ndiye alikuwa kwa foleni. Saa saba mchana baruti za machimbo ya mawe zililia, madirisha yakatetemeka, kuku wa mama wakasahau walikuwa wanataga. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikushika viatu, ukafika shuleni umekua inchi sita.

Na tulikuwa na magari. Kila kijana mwenye heshima alikuwa na gari la waya. Waya ulitoka kwa fensi za watu (wenye fensi, samahani, tulikuwa wadogo), magurudumu yalitoka kwa kandambili za wazee, na usukani ulikuwa mrefu, ndio uendeshe ukiwa umesimama wima kama mwenye mali. Injini ilikuwa ni mdomo. Huo mdomo ulikuwa na gia nne! Unaanza na ya kwanza, sauti nzito, unanyamaza kidogo, unaingia ya pili, unanyamaza, ya tatu. Ukisahau kubadilisha ulichekwa hadi ukarudi nyumbani. "Wewe, hiyo lori yako inapanda Kajiado na gia moja?" Sasa mwangalie mdogo wangu wa darasa la nne. Yuko kwa kibanda cha gemu, anabonyeza kidude kwa kidole gumba, gari linapaa, linagonga ukuta, linafufuka. Ukimuuliza liko gia ya ngapi, anakuangalia kama umemuuliza jina la nyanya wa Farao.

Basi, baba akanunua gari la ukweli. Alikuwa karani kwa kiwanda cha saruji, mtu wa Bungoma, wa tai na kalamu mfukoni, na pikapu aliuziwa na mwenye machimbo mmoja aliyekuwa amechoka nayo. Ilikuwa ya bluu, mahali ambapo haikuwa ya kutu. Handibreki ilikuwepo, lakini kama picha ya ukutani: ya kuangaliwa tu. Kwa hivyo kule nyuma tulibeba kipande cha jiwe la kujengea, na gari likisimama kwa mlima, kazi yangu ilikuwa kuruka na kusukuma jiwe nyuma ya gurudumu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa gia. Baba alijifunza gari akiwa mtu mzima, na kukanyaga klachi, kushika usukani, kuangalia ng'ombe na kubadilisha gia, yote kwa wakati mmoja, kulimshinda. Akagawa kazi. Yeye ni miguu, mimi ni mkono. Nilikaa katikati, mama akakaa upande wa mlango. Baba anakanyaga klachi, anaita "Pili!" na mimi navuta. "Tatu!" Nasukuma. Shuleni nilitangaza kwamba mimi ni dereva, na watu waliamini, kwa sababu walikuwa wameniona kwa macho yao.

Shida ni kwamba hatukuwa laini. Kila gia ilikuja na mshtuko. Vichwa vyetu vitatu vilienda mbele, vikarudi nyuma, vikaenda mbele tena. Tukipita sokoni watu walidhani tunasalimia. Hiyo familia ya Baba Wekesa ina heshima, walisema, wanaitikia kila mtu kwa kichwa.

Sasa mama alikuwa anafuga kuku, na mayai tuliyapeleka kwa mahoteli hapo mjini. Trei mbili tatu za juu alizipakata mwenyewe, zile zingine zilikaa nyuma juu ya nyasi. Na nyumbani kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini ilikuwa ngumu kuliko katiba: yai zima ni la biashara. Halikuliwi na mtoto, halikuliwi na mgeni, hata pasta alikunywa chai kavu. Yai likipasuka, hilo ndilo letu. Mama alilikaanga na kitunguu na nyanya, na harufu yake ilitoka nje ikaita watoto wa majirani.

Mnaona nilikoelekea.

Niligundua kwa bahati mbaya, halafu nikaanza kugundua kwa makusudi. Baba akikanyaga klachi na kuita "Tatu!", mimi nilitoa gia ya pili, nikaiacha hapo kwa free, bila gia yoyote, kidogo, nikangoja mguu wake uanze kuinuka, halafu ndio nikasukuma. Krrrak! Pikapu ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. "Yesu wangu!" mama akasema, akiinua trei. Mawili yamepasuka. Jioni tunakula kama wafalme.

Baba masikini alijilaumu mwenyewe. "Hii klachi inanionea," alisema. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akalala chini ya gari nusu saa, akatoka akipangusa mikono: "Klachi iko sawa, mzee. Labda mguu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikiangalia mawingu kama mtu wa utabiri wa hali ya hewa.

Halafu ikaja ile siku ya Kajiado. Shule moja ya bweni huko ilikuwa inatafuta mtu wa kuleta mayai. Stokipa wao, yule mtunza stoo, alimwambia mama wazi: leta trei thelathini, zifike kabla ya saa sita mchana. Zikifika vizuri, wewe ndiye utakuwa unaleta kila wiki mbili. Zikichelewa, ama zikifika zimekuwa uji, kuna mama mwingine wa Athi River anangoja. Kwa mama hilo halikuwa jambo dogo. Miaka miwili alikuwa anabeba trei kichwani kwa yale matope meusi, mahali pikapu haikufika, hoteli hadi hoteli, akiambiwa rudi kesho. Alitaka mteja mmoja mkubwa ndio apumzishe shingo. Wiki mbili alikusanya mayai, akayapanga pamoja na machache ya akiba, akayafunika na magazeti, akayaombea yote kwa sauti kabla ya kulala.

Na hizo wiki mbili hakuna yai lililopasuka. Ilikuwa sukuma wiki, maharagwe, sukuma wiki. Nilianza kuota harufu ya kitunguu.

Tukaondoka asubuhi, baba akiwa amevaa tai, sijui ya nini, labda ya kuwaheshimu wanafunzi. Hadi Isinya niliendesha gia kama malaika. Mama akaanza hata kuimba. Lakini baada ya Isinya shetani akakaa kati yangu na mama, na sio kwamba kulikuwa na nafasi. Akaniambia: trei thelathini ni nyingi. Mawili tu. Nani atakufa?

Tukafika ule mpando mrefu kabla ya Kajiado. Tulikuwa kwa gia ya tatu, mzigo ni mzito, gari limeanza kuchoka. Baba akakanyaga klachi, akaita, "Pili!"

Nikaweka ya nne.

Nilitegemea tutaruka kidogo tu. Kumbe kwa mlima, na mzigo, gia ya nne ni kitu kingine. Pikapu ilitetemeka kama mtu wa malaria, ikakohoa mara tatu, ikazima. Kule nyuma nikasikia sauti ambayo sijaisahau: krash, ndogo, kama mtu amekanyaga majani makavu. Halafu tukaanza kurudi nyuma.

"Jiwe!" baba akapiga kelele, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Niliruka nje. Jiwe likakataa kutoka. Baba akalitia gari gia ya kwanza ndio lishike, akashuka mbio kunisaidia. Tukalivuta pamoja, tukalishusha, na hapo, ndugu zangu, mikono yangu ikaniacha. Jiwe likaanguka juu ya mguu wake wa kushoto.

Sijawahi kusikia baba akilia. Hakulia hata hiyo siku. Alisema tu "Ah," polepole, kama mtu amekumbuka kitu, akakaa chini kando ya barabara na tai yake. Kiatu kilipotoka, kidole gumba kilikuwa kimegeuka rangi ya bilinganya. Nilikuwa nimetaka mayai mawili na kitunguu. Nilikuwa nimepata mguu wa baba.

Mzee mmoja Mmasai aliyekuwa anachunga mbuzi alivuka barabara, akalisukuma jiwe nyuma ya gurudumu, akaegemea fimbo, akatuangalia mmoja mmoja.

"Supa," akasalimia.

"Ipa," baba akajibu, akiuma meno. Adabu ni adabu.

"Gari ndio imekufa, ama ni wewe?"

"Ni mguu, mzee. Mguu wa klachi."

Mama alikuwa nyuma ya gari, amefunua magazeti. Alihesabu. Kumi na moja yalikuwa yamepasuka. Akaangalia jua. Akaangalia barabara juu na chini. Lori moja lilikuwa limepita muda mrefu, na hakuna kingine kilichokuwa kinakuja. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa, na nilijua anaona yule mama wa Athi River akiingia na trei zake.

"Mama Wekesa," baba akasema kutoka chini, "nisamehe. Mimi sio dereva. Nimekuharibia."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikaokota kiatu cha baba, nikakipangusa vumbi.

Mama akayarudisha magazeti juu ya mayai. Alivua viatu. Akafunga leso kiunoni, mafundo mawili. Akatoa trei pale kitini, akaniwekea magotini: "Shika. Ukipumua, pumua kwa pua." Halafu akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva, akapanda.

Mnajua mshtuko? Mshtuko sio kuona simba. Simba unajua yuko. Mshtuko ni kuona mama yako, mwalimu wa watoto wa Jumapili, mtu ambaye hujawahi kumwona hata akishika funguo za gari, anasogeza kiti mbele kama anayejua kinasogezwa wapi.

"Mama Wekesa, unafanya nini?" baba akauliza.

"Napeleka mayai. Mzee, tafadhali msaidie apande. Halafu usimame hapo kwa jiwe. Nikisema toa, utoe."

Mzee wa mbuzi alimwangalia baba, akaangalia usukani. "Yeyo ndiye dereva?" akauliza, maana yeyo kwao ni mama.

"Hata mimi ndio naambiwa," baba akasema.

Mama akawasha. Akakanyaga klachi hadi mwisho kabisa, sio kama baba ambaye aliikanyaga kama anaua mende. Nikanyoosha mkono kwa gia, kazi yangu. Akaupiga kofi. "Toa mkono." Akaweka ya kwanza mwenyewe, akaongeza mafuta kidogo, akaanza kuinua mguu polepole, na nikasikia injini ikibadilisha sauti, ikazama chini, pua ya gari ikainuka kidogo, likasimama hapo. Halikurudi nyuma, halikuenda mbele. Lilikuwa linangoja, kama ng'ombe anayemjua mkamuaji wake.

"Toa."

Mzee akatoa jiwe. Gari halikurudi hata upana wa kidole. Likaanza kupanda, taratibu, na kwa kioo nikamwona mzee amesimama na jiwe letu mkononi, amesahau mbuzi.

Akaingia ya pili, sikujua. Nawaambia ukweli, sikujua! Nilikuwa naangalia kipande cha gazeti juu ya mayai na hakikutikisika. Alitoa mguu kwa mafuta, akakanyaga, akaileta gia katikati, akaiacha hapo muda wa kumeza mate, ndio akaivuta, na klachi akaiachilia jinsi unavyotoa mkono chini ya mtoto aliyelala. Vichwa vyetu vilibaki mahali pake. Kwa mteremko alirudi kutoka ya tatu hadi ya pili, na kabla hajaivuta alipiga mafuta kidogo, vuum, ndio injini na magurudumu yakutane yakiwa na mwendo mmoja. Hakugusa hata breki. Kila gia ambayo mdomo wangu ulikuwa umeimba kwa gari la waya, mama aliiimba kwa mguu.

Baba alikaa upande wa mlango, mguu umefungwa na leso nyingine, macho yametoka.

"Ulijifunza wapi?" akauliza mwishowe.

"Trekta ya baba ya kubeba miwa. Ukiachilia klachi vibaya, trela inakuangukia. Wavulana walikuwa wadogo, mimi ndiye mkubwa."

"Miaka kumi na moja tumeoana!"

"Baba Wekesa, ulipokuja kwetu ulisema siku moja utanunua gari, uniendeshe kama malkia. Nikasema wacha niendeshwe."

Tuliingia lango la shule saa sita kasorobo. Stokipa, mama mnene mwenye miwani kwa kamba, alianza na trei za chini kabisa, kama mtu anayejua uongo unakaa wapi. Akahesabu. Yale kumi na moja mama alikuwa ameyatoa kando, akaweka mengine ya akiba mahali pake. Stokipa akafika trei ya thelathini, akainua miwani. "Mlikuja na ndege?" Akatia sahihi. Mama akashika ile karatasi kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya pikapu, akasimama huko peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kisha tukampeleka baba hospitali, kidole kilikuwa kimevunjika, na plasta ikakaa wiki sita.

Wiki sita mama aliendesha. Akatafuta leseni, akaipata mara ya kwanza. Lakini plasta ilipotoka, baba hakurudi kwa usukani. Aliwaambia wageni akicheka, "Mimi gari sijui, dereva ni mama," na kicheko hakikufika machoni. Halafu siku moja nikatoka shuleni nikamkuta sebuleni, peke yake, amekaa kwa kiti, mwiko wa ugali ameusimamisha sakafuni kando yake kama gia. Anakanyaga hewa kwa mguu wa kushoto. Anavuta mwiko. Anakanyaga. Aliponiona hakuona hata haya.

"Wekesa," akaniuliza, "wewe ulikuwa hapo katikati. Nilikuwa nakosea wapi?"

Nilimwambia sijui. Nikatoka nje.

Siku hizi mnajua kulivyo. Punda milia wamefungiwa nje na mageti, nyuma ya choo chetu kuna ghorofa, na magari yanayokuja kutoka Japani hayana klachi. Unaweka D, unaenda. Jirani yetu alinunua moja, anaendesha akila muhogo. Hakuna mtoto wa kukaa katikati kuitwa "Pili!", hakuna wa kuruka na jiwe. Nimelipanda hilo gari la jirani, ni laini kweli, mayai yangefika yote Namanga. Lakini humo ndani hakuna mtu anayemhitaji mwenzake. Mimi nakumbuka ile pikapu, tukiwa watatu kwa kiti cha wawili, baba ni mguu na mimi ni mkono. Alikuwa ameniamini na nusu ya gari, na mimi nikaiuza kwa kitunguu na nyanya. Hadi leo tukisafiri, baba anakaa upande wa mlango.

Mtauliza, kwani hukuwahi kusema? Nilisema. Hiyo hiyo jioni ya mwiko, nilimfuata mama alipokuwa anaosha pikapu, nikamwambia yote: ya free, ya gia ya nne, ya kitunguu. Nikamwambia baba hakuwa dereva mbaya, nilikuwa ni mimi, na tuingie ndani sasa hivi tumwambie. Nilishafunga macho kungoja kofi, kwa sababu huyu ni mama aliyewahi kunichapa kwa kusema nimekunywa uji wakati nilimpa paka. Kofi halikuja. Nilipofungua macho alikuwa anaangalia mlango wa nyumba, kama baba anasikia. Halafu akainama, akanong'ona:

"Wekesa, funga mdomo. Ukimwambia babako, kesho atataka funguo zake, na mimi bado sijashiba kuendesha."